Tandiko, Paa na Taa: Ardhi kama Nyumba katika Mwambao wa Bagamoyo

Kilomita tano hivi kusini-mashariki ya mji wa Bagamoyo, pahala paitwapo Kaole, upo msikiti usio na paa. Kuta zake za matumbawe zimebakia nusu, mihrabu yake ingali inaelekea kibla, na makaburi ya wenye mji yameuzunguka kama jamaa waliokuja kusalimia na wasiondoke tena. Anayeingia hapo hivi leo hukanyaga udongo mtupu, na akiinua uso huiona mbingu. Majamvi yalikwishaoza zamani, boriti zikaanguka, taa zikachukuliwa. Hata hivyo mtu aliyesoma chuoni akisimama katikati ya magofu yale hawezi kusema kwamba msikiti hauna kitu. Tandiko lipo, dari ipo, na taa ipo, kwa sababu Kurani ilikwisha kuyaita hivyo yaliyopo: ardhi ni tandiko, mbingu ni dari, jua ni taa.

Makala haya yanafuata maneno hayo machache katika safari yake kwenye mwambao huu, tangu Kunduchi hadi Pangani, na kuuliza watu wa pwani waliyasikiaje, waliyaishije, na yamewafaa nini pale palipozuka swali zito kuliko yote: nyumba hii ni ya nani?

Kwanza maneno yenyewe. Katika sura ya Al-Baqara ardhi huitwa firashi, kitu kilichotandazwa cha kukalia na kulalia. Katika sura ya Nuhu huitwa bisati. Katika An-Nabaa huitwa mihadi, na katika Taha mahdi, neno ambalo Waarabu hulitumia pia kwa kilalio cha mtoto mchanga. Milima ni vigingi, kama vile vya hema. Mbingu ni dari iliyohifadhiwa, na jua ni siraji, taa iwakayo. Katika Al-Mulk ardhi ni dhaluli, mnyama aliyefugwa akatii, na watu wanaambiwa watembee katika mabega yake na wale riziki ya Mola wao. Na katika Al-Mursalati ni kifati, chombo kinachowakusanya walio hai na waliokufa.

Maulama wa zamani waliyakusanya maneno haya wakayafanya picha moja. Katika kitabu kinachonasibishwa na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kiitwacho Al-Hikma fi Makhluqatillahi, ulimwengu unafananishwa na nyumba iliyojengwa na kukamilishwa kila inachohitaji mkaazi: paa limeinuliwa, busati limetandikwa, taa zimewekwa, ghala zimejazwa, na mwanadamu ameingizwa ndani akakabidhiwa. Kitabu hicho kinataka msomaji azingatie mpangilio. Nyumba isiyo na mpangaji haipangiki, na mgeni anayekuta chumba kimefagiliwa na maji yametekwa hujua kwamba yupo aliyemtarajia.

Picha hiyo ilizaliwa katika nchi ya mahema, ikafika katika nchi ya mikeka. Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopata raha na taabu kwa pamoja. Raha yake ni kwamba bisati alikwisha kulipata lugha yake ilipozaliwa: busati ni neno la Kiswahili, na hakuna nyumba ya pwani isiyolijua. Firashi nalo linakaa vizuri katika tandiko, neno la Kibantu linalotokana na tandika. Taabu yake ni vigingi. Mtu wa Bagamoyo hakulala hemani. Kigingi kwake ni cha kufungia mbuzi, na akiambiwa kwamba milima ni vigingi itambidi kwanza aelezwe nyumba ya mtu mwingine ndipo aielewe yake. Katika karne ya 20 Kurani nzima ilitolewa kwa Kiswahili zaidi ya mara moja. Kasisi Godfrey Dale alitoa yake mwaka 1923, Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi mwaka 1953, Sheikh Abdallah Saleh Farsy mwaka 1969 na Sheikh Ali Muhsin Barwani mwaka 1995. Lakini kazi ya kuifasiri kwa mdomo ilitangulia uchapaji kwa muda mrefu sana. Ilifanywa katika darsa za Ramadhani, mwalimu akisoma aya na kuieleza, na wasikilizaji wakiwa wamekaa juu ya jamvi lile lile linalotajwa.

Jamvi hilo si neno tupu. Mkeka wa ukindu hutandikwa chumbani, jamvi la miyaa hutandikwa msikitini na barazani, na yote mawili ni kazi ya mikono inayochukua siku nyingi. Mtu hutandikiwa anapozaliwa, hutandikiwa anapooa, na katika nyumba ya msiba vitanda huondolewa watu wakakaa chini, juu ya mikeka, mpaka matanga yaondoke. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafa huko mwaka 1927, aliziandika kwa urefu desturi za kuzaliwa, ndoa, kilimo na mazishi katika kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Asomaye kitabu hicho huona jinsi maisha ya mji yalivyopangwa chini, karibu na ardhi. Kwa watu wa namna hiyo, kuambiwa kwamba ardhi imetandikwa kulimaanisha jambo la nyumbani kabisa. Palikuwa na aliyeinama akatandika.

Ama nyumba za mawe za mwambao, hizo zilijengwa kwa vitu ambavyo mwashi alivikuta tayari. Matumbawe yalikatwa kutoka miamba ya bahari na ya nchi kavu. Mengine yalipangwa juu ya rundo la magogo yakachomwa hata yakawa chokaa. Boriti zilitoka katika mikoko ya mito na hori, na upana wa chumba ulikuwa ni urefu wa boriti: mita mbili na nusu au tatu, basi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, tangu Kaole hata Lamu, ni virefu na vyembamba. Mwashi hakuwa huru kupanua apendavyo. Mkoko ulimwekea kipimo, na yeye akakitii. Sura ya Ar-Rahmani hutaja kuinuliwa kwa mbingu, kisha mizani, kisha kuwekwa kwa ardhi kwa ajili ya viumbe. Mwashi wa Kaole aliijua mizani hiyo kwa mkono wake.

Kuna na jambo la kibla. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Bagamoyo, na kwa sababu hiyo katika Kiswahili cha pwani neno kibla limechukua pia maana ya kaskazini. Mtu anayeelekezwa njia huambiwa apite upande wa kibla, na hapo hakuna aliyekusudia sala. Hivyo dira ya mwambao huu ni dira ya msikiti. Mtume (S.A.W.) amepokewa akisema kwamba ardhi yote imefanywa kwake pahala pa kusujudu na kitu cha kujitahirishia, na kwa mafunzo hayo asiyepata maji hutayamamu kwa udongo safi. Watu waliojifunza hayo tangu utotoni wakayatia hata katika majina ya pande za dunia hawakuona mpaka mkali kati ya msikiti na nje ya msikiti.

Lakini nyumba ikikaliwa hutokea mambo. Kaole ulikuwa mji tangu karne ya 13 hivi, kwa ushahidi wa magofu ambayo Neville Chittick aliyachimba mwaka 1958. Ulipata neema, ukadhoofika, ukahuika tena, na mwishowe ukapokonywa biashara yake na jirani yake wa kaskazini. Sababu mojawapo iko mbele ya macho ya kila anayefika: bandari ilijaa tope, na mikoko ikaota pale vyombo vilipokuwa vikitia nanga. Mti uliowapa boriti za dari ndio uliowafungia mlango wa bahari. Ardhi iliyotandikwa haikuacha kuwa kiumbe chenye mwendo wake, na mji uliosahau hilo au usioweza kulizuia ulihamia kwengine.

Huko kwengine ni Bagamoyo, na hapo ndipo mfano wa mnyama mtiifu ulipojaribiwa vikali kuliko mifano yote. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwanzo na mwisho wa njia ya misafara, kupitia Tabora hata Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Nchi ya bara, yenye ndorobo, haikuruhusu ngamia wala punda wengi. Mzigo ulichukuliwa na watu. Wapagazi wa Kinyamwezi na wengineo walikuja na pembe na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba, kila mmoja akibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na katika msimu walipiga kambi mjini kwa maelfu. Kurani iliwaambia watu watembee katika mabega ya ardhi. Katika njia ile ardhi ilitembewa kwa mabega ya wanadamu, na baadhi yao hawakuwa wapagazi wa ujira bali mateka waliokuwa wao wenyewe bidhaa.

Jina la mji limebeba habari hiyo kwa pande mbili. Wapo wasemao kwamba Bwagamoyo ni pumziko la mpagazi: amefika pwani, atue mzigo, autue na moyo. Wapo wasemao kwamba ni kilio cha mtumwa anayeiona bahari na kujua kwamba nyuma hakurudiki, basi aubwage moyo wake hapo. Maelezo yote mawili yamesimuliwa muda mrefu, na hapana haja ya kuyapambanisha. Mji mmoja ulikuwa tandiko kwa huyu na jabali kwa yule. Hapo mfano wa nyumba iliyotayarishwa unapata swali ambalo maulama wa hema hawakulazimika kulijibu: mgeni aliyeletwa kwa kamba ametandikiwa nini?

Jibu mojawapo lilitolewa na maisha ya mtu. Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa, akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lemki. Humo alisoma. Alifanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kadiriya, na kwa maulidi aliyoyaanzisha watu wa kila asili walikuja Bagamoyo mwaka hata mwaka kukaa jamvi moja. Alipofariki mwaka 1931 alizikwa akiwa mmoja wa wakubwa wa mji ambao hakuzaliwa ndani yake, na mwanawe Muhammad akashika nafasi yake. Ikumbukwe kwamba sheria ya kukomesha utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kupanda kwake ilifanyika wakati ambapo wenye asili kama yake walikuwa bado wakihesabiwa mali ya watu.

Mji wa Bagamoyo ulikuwa na daraja zake. Walikuwapo Washomvi na majumbe wenye madai ya ukale, Waarabu wenye mashamba, Wahindi wenye mtaji, Wazaramo waliokuwa na haki zao za jadi juu ya nchi, na chini ya wote watumwa na wajoli. Kila kundi lilikuwa na hoja ya kuonyesha kwamba lenyewe ndilo lenye mji. Tarika haikuziondoa daraja hizo kwa siku moja. Ilichofanya ni kuwakalisha watu chini pamoja, bega kwa bega, katika dhikiri, na kuwafanya waisikie ile aya ya tandiko kama inavyosema: imesemwa kwa watu wote, haikutajwa kabila wala nasaba. Msemo wa pwani wa jamvi la wageni hutumiwa mara nyingi kwa kejeli, kwa mtu au kitu asichokataliwa yeyote. Katika maulidi ya Bagamoyo jamvi la wageni lilirudishiwa heshima yake.

Kisha kuna kifati, chombo cha walio hai na waliokufa. Huu ndio mfano ambao magofu ya mwambao yanaueleza kwa ufasaha zaidi. Kaole na Kunduchi kuna makaburi yaliyojengwa kwa mawe, na baadhi yao yamesimamishiwa nguzo ndefu kuliko mtu. Katika nguzo na kuta za makaburi hayo wajenzi walipachika bakuli na sahani za kauri zilizotoka China. Nyingi zimeng'olewa na wapitao, na mahali pake pamebaki mashimo ya mviringo. Vyombo vya mezani viliwekwa kaburini, kana kwamba yaliyomo humo ni makazi. Na lugha yenyewe inakubali. Kile kijumba kinacholazwa maiti ubavuni mwa kaburi huitwa mwanandani. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla, namna mtu anavyofundishwa alale kitandani kwake. Sura ya Taha inawakumbusha watu kwamba kutokana na ardhi wameumbwa, humo watarejeshwa, na kutokana nayo watatolewa mara nyingine. Nyumba ni moja, vyumba ni viwili.

Ni kwa sababu hiyo watu wa vijiji vya pwani huyataja makaburi kabla ya kutaja mashamba wanapoulizwa wanakaa wapi tangu lini. Kaburi ni ushahidi wa ukaazi. Ushahidi mwingine ni mti. Katika desturi ya mwambao na visiwa vyake mnazi uliweza kuwa na mwenyewe na ardhi chini yake ikawa na mwingine, kwa sababu mkono ulipanda mti lakini haukuumba udongo. Fikihi ilikuwa na kanuni iliyo jirani na hiyo: anayehuisha ardhi iliyokufa, isiyo na mtu, ana haki nayo. Haki ilifuata kazi na uangalizi. Mwenye kutelekeza hakuwa sawa na mwenye kutunza.

Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi zote zisizo na mwenyewe ni mali ya dola. Bushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani katika mwambao huu, alikuwa amekwisha nyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889, na hapakuwa na wa kuuliza isiyo na mwenyewe ni ipi. Kwa mkulima aliyeacha shamba lipumzike miaka kadhaa, ardhi ile haikuwa imekufa, ilikuwa imelala. Kwa mpima ramani wa dola ilikuwa tupu. Waingereza wakaja na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, wakabadili maneno zaidi kuliko hali. Baada ya uhuru, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Neno mdhamini linastahili kutazamwa kwa makini, kwani liko karibu na neno la Kurani, khalifa, kuliko waandishi wa sheria walivyokusudia. Khalifa si mmiliki. Amekabidhiwa, na ataulizwa. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim inaieleza dunia kuwa tamu na yenye ubichi, na kwamba Mwenyezi Mungu amewaweka watu humo ili atazame watakavyofanya. Mdhamini naye hupimwa kwa kipimo hicho: ni yale anayowafanyia waliomo.

Kipimo hicho kilifika Bagamoyo upya katika karne hii. Mwaka 2013 ulitiwa saini mpango wa bandari kubwa katika eneo la Mbegani, karibu na Kaole, kwa mtaji wa China na Oman. Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa. Watu wa vijiji vya jirani walihesabiwa nyumba na minazi yao kwa ajili ya fidia. Mwaka 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba masharti ya mpango huo hayakubaliki, na kazi ikasimama. Tangu mwaka 2021 mazungumzo yakafufuliwa. Hapana shaka kwamba nchi inahitaji bandari. Kaole yenyewe ilikuwa bandari. Lakini mnazi una bei katika daftari la fidia, na mwanandani wa babu hauna. Katika kuhama huko kulikotarajiwa, ndipo mtu alipoona tofauti baina ya ardhi kama kiwanja na ardhi kama kifati.

Wala hatari haitoki kwa mikataba peke yake. Mkabala na Pangani kilikuwapo kisiwa cha Maziwe, chenye miti, ambako kasa walikuja kutaga. Miti ilikatwa, mawimbi yakala mchanga, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Huko Kunduchi bahari imekula ufukwe mbele ya macho ya wakaazi. Mikoko iliyoifunga bandari ya Kaole sasa ndiyo inayotegemewa kuuzuia ufukwe usiliwe, na inakatwa kwa kuni, kwa chokaa na kwa mashamba ya chumvi.

Kiswahili kina kitenzi tandika, na kinyume chake ni tandua. Kurani, iliyoanza kwa kutandika, haikuficha kwamba siku moja tandiko litakunjwa, milima itapeperushwa na taa itazimwa. Siku hiyo ina Mwenyewe. Maziwe hakukutanduliwa na siku hiyo. Kulitanduliwa na shoka. Na kuna mafunzo mengine ya Mtume (S.A.W.) ambayo wakulima wa minazi wa pwani huyapenda: mtu akikutwa na Kiyama na mkononi ana mche, basi akiweza, aupande. Mnazi huchukua miaka kabla ya kuzaa. Anayeupanda kwa kawaida humpandia mwingine, ambaye pengine hajazaliwa, na ambaye siku moja atafika akute kivuli kimetandikwa.